Mbu wa Nyumba ya Bi Khadija

Takaungu, baada ya alasiri

Mwanaidi mwanangu,

Usiucheke mwandiko wangu. Tangu nimalize masomo ya gumbaru, yale ya watu wazima, sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya wateja, kifua, kiuno, mabega, basi. Leo nimeifunika cherehani mchana kweupe na wapita njia wanauliza dirishani kama naumwa. Wewe umekwenda kuaga kwa shangazi zako, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka kila nyumba imekulisha, kwa hivyo nafasi ninayo. Barua hii utaikuta ndani ya mkoba wako, juu ya mahamri. Usiifungue mpaka uiache Mombasa nyuma. Nina sababu yangu, na nitaisema.

Ya tiketi na mizigo baba yako amekwisha kukwambia, tena na tena, mpaka nikamwambia mtoto anarudi Nairobi, haendi Uchina. Ya kula na kulala na kuvaa sweta unayajua mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu. Lakini nikianza nalo nitalia, na nikilia nitasahau kukushukuru, kwa hivyo acha nianze na shukurani.

Nashukuru likizo hii ulirudi nyumbani. Mwalimu wenu alipowapa nafasi ya kufanya utafiti wakati chuo kimefungwa, wenzako wakachagua mbuga za wanyama, wengine maziwa, wengine milima yenye baridi. Wewe ukachagua mbu wa Takaungu. Sikukushukuru wakati ule, nilikasirika. Mimi nilikuwa nimewatangazia watu wote, kuanzia sokoni mpaka msikitini upande wa wanawake, kwamba mwanangu anasomea udaktari. Hukunambia hivyo. Ulinambia unasomea viumbe hai, nami nikakata na kushona mwenyewe mpaka nikapata daktari. Jirani yetu Mama Rehema alikuwa amekuwekea goti lake uje ulitazame. Halafu ukashuka kwenye gari na bomba la dawa, visahani vya plastiki, na ule mrija wa kuvutia mbu kwa mdomo, na asubuhi ya kwanza tu ukaenda kujibandika ukutani kwa watu unanyonya. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Daktari wako anakula mbu," wakanambia kisimani, wanacheka.

Nami wanijua, mdomo huu hauna breki. Nikawajibu, "Anawala wanaowala nyinyi, mshukuruni."

Nilijibu kwa hasira tu, nipate la kusema. Lakini njiani na ndoo kichwani nikayarudia maneno yangu mwenyewe, nikaona kumbe nimesema kweli. Tangu siku ile sikuona haya tena. Naomba nawe usije ukaifanya kazi yako kwa kuogopa kuniaibisha, wala kwa kutaka kunipamba. Yale ya udaktari yalikuwa yangu, nimeyafumua, yamekwisha.

Nashukuru pia ulimleta Kadzo, mwenzako wa chuo. Mtoto wa watu, kwao Jilore, wakulima, wanasali kanisani, na mimi nilikuwa na wasiwasi atakula nini na atalala vipi katika nyumba yetu ya kelele. Kumbe ndiye aliyeniamsha mimi alfajiri likizo nzima. Naisikia adhana, kabla sijageuka namsikia mlangoni, "Mama, amka, mbu watatoka!" Nilisali kwa wakati wake miezi ile kuliko miaka yote ya maisha yangu, Mungu amlipe. Na siku mliponichukua kwao Jilore, yule ami yake akasimama mlangoni amekunja mikono. "Mbu chukueni," akasema, "lakini damu iliyo tumboni mwao ni yangu. Niambieni mnaipeleka wapi." Mimi ningemjibu, tungegombana, tungerudi Takaungu mikono mitupu. Wewe ukavuta kigoda ukakaa. Ukamweleza kwa upole, akauliza, ukamweleza tena, jua likapanda, na mwisho akakufungulia vyumba vyote akatuchomea na mahindi. Nilikutazama nikajiuliza, huyu subira hii kaitoa wapi? Kwangu si kwangu. Kwa baba yako labda, ingawa usimwambie.

Sasa nije kwenye bafta, kwa sababu hapo nilikosea mimi, na wewe mpaka leo unajitwika lawama.

Mlinieleza kazi yenu vizuri. Asubuhi watu wakishatoka chumbani mnatandika kitambaa cheupe sakafuni na kitandani, mnafunga madirisha, mnapuliza dawa, mnasubiri nje, kisha mnaingia kuwaokota mbu walioanguka. Lazima kiwe cheupe ili mbu aonekane. Nikasema, hilo dogo, niachieni mimi. Nikanunua bafta, nikaichana vipande kwa mikono, tukaenda nayo kwa Bi Khadija, shoga yangu tangu chuoni tukisoma juzuu, ndiye wa kwanza kutupa ruhusa.

Mwanaidi, mimi ndiye ninayeitwa mtaa huu mwanamke au mtoto akifariki. Mimi ndiye ninayechana sanda. Bafta ile ile, kwa mikono hii hii, bila mshono, bila upindo. Nimeichania watu sijui wangapi, na bado nikaichana siku ile kwa mazoea, akili haipo, nikaikunja nikaitia kwapani nikaingia nayo katika nyumba ya mtu mzima mgonjwa. Mama yake Bi Khadija tuliambiwa ametoka kwenda uani. Kumbe amerudi kujilaza, na chumba ni giza, madirisha tumekwisha kuyafunga na taa haijawashwa. Tunatandika kimya kimya, wewe upande huu, Kadzo upande ule, mimi miguuni. Bibi akafungua jicho. Akaiona bafta. Akaniona mimi.

"Laa ilaha illallah," akasema polepole. "Nimekufa saa ngapi, nami sina habari?"

Kadzo alitoka mbio. Wewe ukaganda. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya bafta yenyewe, na yule bibi kuniona nacheka naye akaanza kucheka. Aliyekuwa hacheki ni Bi Khadija. Alitutoa sote na bomba letu, na kabla ya adhuhuri Takaungu nzima ilikuwa imesikia kwamba tunapita tukiwatandikia watu sanda wakiwa hai. Milango ikafungwa. Ukarudi ukajifungia chumbani, na mimi kicheko kikaniishia.

Nilipokwenda kumtaka radhi yule bibi, alinishika mkono akanivuta karibu. "Nambie kweli. Lile lilikuwa shuka au sanda?"

"Shuka, bibi."

"Mbona halina upindo?"

Basi. Hakuwa na zaidi ya hilo. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani, nikayatia upindo mashuka yote, uzi mwekundu pande zote nne, na kila pembe ua, maana sanda haishonwi wala haipambwi, mtoto mdogo anajua. Bi Khadija alinuna siku kadhaa, kisha akatufungulia yeye mwenyewe. "Leteni mashuka yenu," akasema, "na safari hii tazameni kwanza kama kitandani kuna mtu." Mlango wake ulipofunguka na mingine ikafunguka. Lile lilikuwa kosa la fundi, si la mtafiti. Nilikuwa nikiingia nyumba ile tangu sijavunja ungo, na sikutazama nilichobeba mkononi. Ukienda kwa watu usiowajua, na utakwenda, naamini utatazama kuliko mimi.

Halafu kuna ile asubuhi uliyokaa na hesabu zako hapa kizingitini umeshika tama. Ulikuwa umetaraji nyumba za makuti ziwe na mbu wengi kuliko za mabati, na mbu hawakukubali. Kwingine sawa, kwingine mabati yakazidi. Ukaniuliza, "Mama, sasa nifanyeje?" Nikakwambia njoo ule. Jibu nimelipata baadaye, nikiwa nimepinda juu ya cherehani. Kabla hujazaliwa nilipewa gauni la bi harusi, kazi yangu kubwa ya kwanza. Nikampima kiuno, futi ikanipa kipimo nisichokiamini. Nikamtazama msichana, nikasema haiwezekani, huyu ni mwembamba, futi imeteleza. Nikaandika kile ambacho mimi niliona ndicho. Siku ya harusi gauni likagoma kwenye mbavu, wanawake wanavuta, mimi navuta, bi harusi analia, tukaishia kumfunika mgongo kwa mtandio. Futi haikuwa na makosa. Mimi ndiye niliyeijibu kabla haijamaliza kusema. Tangu siku hiyo huandika ninachokiona, hata kikiniudhi, halafu ndio nashangaa.

Nakwambia haya kwa sababu ya lile jambo. Haya, sasa nimelifikia.

Saumu, mjukuu wa Bi Khadija, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Jina la Kadzo lilimshinda, akimwita Kajo. Tukifika asubuhi anatukimbilia uchi na kikombe chake cha chai, anataka apulize yeye bomba. Kisha akashikwa na homa. Wakampa vile vidonge vichungu kama tunavyowapa watoto wote, homa ikashuka, ikarudi kwa nguvu. Wakamkimbiza hospitali Kilifi, wakapambana naye, Mungu akamtaka. Nilisikia kilio, nikajitanda leso, nikakaa barazani kusubiri kuitwa nikachane sanda. Sikuitwa. Aliitwa mwingine.

Mwanangu, sijawahi kuumia vile. Nilikwenda matangani nikakaa mkekani na wenzangu, nikamsikia mmoja nyuma yangu akisema, wala hakushusha sauti, "Si walikuwa wakitandika bafta humo ndani, mlitaraji nini?" Nilitaka nigeuke, nikaumeza mdomo wangu. Bi Khadija alikubali mkono wangu wa pole. Tangu siku hiyo tulikuwa tukipishana njiani kwa salamu tu, mimi na mtu ambaye tuliweza kugombana asubuhi na kula sahani moja jioni.

Na wewe ukaisikia ile ya bafta, ukaishika. Nilikueleza, Kadzo akakueleza, wewe mwenyewe unajua kuliko sisi mtoto anapataje homa ile, ndiyo kazi yako! Lakini elimu haikukusaidia. Ukasema visahani vya nyumba ya Bi Khadija utavitupa, mbu wale hutawatia katika hesabu, kwa sababu kuwapeleka Nairobi na kuwapangia tarakimu ni kumfanyia biashara marehemu. Ukasema ukifika utamwomba mwalimu wako akutafutie kazi nyingine, mimea, mawe, chochote kisichoingia vyumbani mwa watu. Nilikusikia ukimwambia Kadzo uani. Sikukujibu. Nilikuwa na woga wa kukosea tena.

Wewe mwenyewe uliugua vivyo hivyo, Mwanaidi, ukiwa na umri wa Saumu. Hilo nimewahi kukwambia, ila sikuwahi kukwambia kwamba nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Macho yalipinduka, mwili ukakakamaa mikononi mwangu, na mimi nikaanza kuyasema yale anayosomewa anayekata roho. Kisha ukakojoa ukalia, ukataka maji. Wengine wawili mtaani msimu ule hawakutaka maji. Kwa nini wewe? Nimeuliza kila mtu anayevaa koti jeupe na kila mtu anayevaa kilemba, wote wakaniambia nishukuru. Nashukuru! Kila siku nashukuru. Lakini bado nataka kujua. Na mtu wa kwanza niliyemwona amepiga magoti sakafuni akatafuta, badala ya kuniambia nishukuru, ni wewe, na kile kibano chako na yale mashuka yangu ya maua. Sijui kama niliwahi kukwambia nilivyofurahi. Nilikuwa nikikupigia kelele usichafue upindo.

Leo, ulipotoka tu, nikasikia hodi. Sauti niliijua kabla sijainua kichwa.

Bi Khadija alisimama mlangoni, akakataa kukaa, kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mwanao anaondoka kesho," akasema.

"Kesho, inshallah."

"Kadzo alikuja kuniaga kabla hajavuka kivuko kwenda kwao. Ameniambia Mwanaidi anataka kuwatupa wale wa kwangu."

Nikamwambia, shoga, mtoto anaona haya, hataki kukuumiza, anadhani wewe hutaki hata kulisikia jina la mbu. Nikaendelea kumwomba radhi mpaka akainua mkono ninyamaze.

"Maneno ya bafta nimeyasikia," akasema. "Siku zile niliyaamini. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia, nawe ulikuwa karibu. Nisamehe."

Nilitaka kusema kitu, akanikataza tena.

"Mwambie asiwatupe. Mwambie asithubutu. Katika hao yumo aliyemuuma Saumu. Nataka awekwe chini ya kile kioo chenu cha kukuzia, atazamwe, aandikwe. Mjukuu wangu hakuandikwa popote. Shule hakufika, cheti cha kuzaliwa hatukuwahi kumkatia. Basi naye mbu wake aandikwe, wenye elimu wasome."

Hapo nililia, Mwanaidi. Tulilia wote wawili na cherehani katikati. Akajifuta kwa ncha ya leso, akanambia nisikwambie ukiwa hapa. "Atanijia mbio," akasema, "anililie, na mimi sijaweza bado kuliliwa na watoto. Mwambie akishafika mbali. Mwambie ahsante kwa zile asubuhi. Saumu alikuwa akiamka mapema kwa ajili yenu." Hiyo ndiyo sababu ya kukuficha mpaka Mombasa. Ukirudi likizo nyingine mwendee yeye kwanza, kabla hujatua mzigo kwangu. Nakuruhusu.

Visahani vyake nimevitoa chini ya kitanda ulikovificha. Ulidhani sijui? Nimevizungushia pamba, nimevitia ndani ya ile kofia ya sufi, viko katikati ya nguo ambako havitagongwa. Kama bado utaona kazi hii si yako, rudi uniambie usoni, nami sitakushika mguu. Lakini wale usiwatoe. Wamo, wahesabiwe na wenzao, na hesabu ikikuudhi iandike vivyo hivyo.

Bi Khadija aliomba kuviona kabla sijavifunga. Akavigeuzageuza kwenye mwanga, wale vijidude vyeusi juu ya pamba, akauliza yupi, nikamwambia hatujui yupi. Akauliza yale maandishi ya ubavuni yanasemaje. Nikamsomea: Takaungu, na tarehe, na nyumba ya Khadija. Kisha akaniomba nichukue kalamu, maana yeye hajui kuandika, niongeze neno moja juu ya kifuniko. Nimeliandika kubwa, limepinda kidogo.

Saumu.

Usilifute.

Mama yako